Kuvu inayostawi penye mionzi, na ile inayoingia ubongoni: maswali na majibu

Katika mazungumzo ya afya yanayofanyika asubuhi kabla ya kliniki ya VVU kuanza, wagonjwa wamekuwa wakiuliza juu ya habari inayosambazwa kwenye simu, kwamba ipo kuvu inayokula mionzi ya nyuklia na kwamba huenda ikawa dawa ya saratani. Habari hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo, jambo linalotugusa zaidi sisi tulio Uganda ndilo lisilotajwa: mojawapo ya kuvu zilizochunguzwa kuhusu mionzi ndiyo ile ile inayowaua watu wenye UKIMWI katika wodi zetu. Kwa sababu hiyo majibu yafuatayo yanaanzia mbali na kuishia nyumbani.

Je, ni kweli kwamba kuna kuvu inayokula mionzi?

Kuvu zinazostawi penye mionzi mikali zipo. Tarehe 26 Aprili 1986 tanuri la nne la kituo cha umeme wa nyuklia cha Chernobyl, nchini Ukraine, lililipuka na kutapakaza mionzi mingi. Katika miaka iliyofuata, mtaalamu wa kuvu Nelli Zhdanova na wenzake walikuta kuvu za rangi nyeusi zikiota ndani ya jengo la tanuri hilo, mahali ambapo binadamu asingeweza kukaa bila kudhurika. Waligundua pia kwamba nyuzi za baadhi ya kuvu hizo hukua kuelekea upande uliko mionzi, kama mmea wa ndani ya nyumba unavyojipinda kuelekea dirishani.

Mwaka 2007 Ekaterina Dadachova na Arturo Casadevall, wakiwa New York, walitoa matokeo ya majaribio juu ya kuvu tatu zenye rangi nyeusi, nazo ni *Cladosporium sphaerospermum*, *Wangiella dermatitidis* na *Cryptococcus neoformans*. Zilipowekwa kwenye mionzi iliyozidi ile ya kawaida ya mazingira kwa takriban mara 500, zilikua upesi kuliko zilizokaa bila mionzi hiyo. Neno "kula", hata hivyo, lichukuliwe kwa tahadhari. Kuvu hizo bado zinahitaji chakula cha kawaida chenye kaboni, na hakuna aliyethibitisha kwamba zinaweza kujitengenezea chakula kutokana na mionzi kama mimea inavyofanya kwa mwanga wa jua. Kilichoonekana ni kwamba mionzi huongeza nguvu ya ukuaji pale ambapo rangi nyeusi ipo.

Rangi hiyo nyeusi ni nini?

Ni melanini, rangi ya jamii moja na ile inayozipa ngozi na nywele zetu weusi wake. Mionzi inapoigonga melanini ya kuvu, tabia za umeme za rangi hiyo hubadilika, na uwezo wake wa kupitisha elektroni katika kazi za kikemia za seli huongezeka. Hapo ndipo watafiti walipopata wazo kwamba melanini huifanyia kuvu kazi inayokaribiana na ile ambayo umbijani, yaani rangi ya kijani ya mimea, huyafanyia majani.

Basi, musawo (daktari), sisi wenye ngozi nyeusi tunakingwa dhidi ya mionzi ya eksirei na ya nyuklia?

Hapana. Melanini ya ngozi hukinga dhidi ya miali ya jua, na ndiyo maana ndugu zetu wenye ualbino, ambao wana kiasi kidogo sana cha rangi hiyo, hupata saratani ya ngozi kwa urahisi na wanahitaji kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua tangu utotoni. Mionzi ya eksirei na ya gama hupenya ngozi ya kila mtu, iwe nyeusi au nyeupe. Mhudumu wa chumba cha eksirei anayekuomba utoke nje au kukuvisha vazi lenye madini ya risasi hafanyi hivyo kwa hofu ya bure.

Je, kuvu hii inaweza kutibu saratani, au kumkinga mgonjwa anayepigwa mionzi?

Haitibu saratani. Mgonjwa anayesubiri tiba ya mionzi, kwa mfano mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, asile wala asipake ukungu wa aina yoyote kwa matumaini hayo. Mwili uliodhoofishwa na saratani na dawa zake ndio ambao kuvu huushambulia kwa urahisi zaidi. Tena, mionzi ya tiba hulengwa kwenye uvimbe ili kuua seli zake, na dawa ya kienyeji inayotumiwa kwa siri inaweza kuvuruga matibabu yote.

Watafiti wanaitazama melanini kama kinga ya baadaye kwa wanaanga. Kuvu *Cladosporium sphaerospermum* ilipelekwa kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu na kuoteshwa kwa takriban mwezi mmoja, na tabaka lake jembamba lilihusishwa na upungufu wa mionzi wa takriban asilimia 2. Ni kiasi kidogo, na hakina matumizi hospitalini.

Je, inaweza kuondoa mionzi kwenye udongo uliochafuliwa?

Kuvu haiwezi kuuzima mnunurisho wa atomi, yaani utoaji wake wa mionzi. Seziamu 137 iliyomwagika Chernobyl hupungua nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kuwe na kuvu au kusiwe nayo. Uyoga wa misituni kule Ulaya hata hukusanya seziamu hiyo ndani yake, hivyo katika maeneo yaliyochafuliwa hupimwa kabla ya kuliwa. Uyoga wetu wa vichuguu, ambao Waganda huuita obutiko, hauhusiki na habari hiyo.

Umesema moja ya kuvu hizo inaua watu hapa. Ni ipi?

Ni *Cryptococcus neoformans*, ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita kriptokoka. Hukaa kwenye udongo, kwenye miti, na hasa kwenye kinyesi cha njiwa. Karibu kila mtu huivuta puani wakati fulani wa maisha yake bila kuugua, kwa kuwa kinga ya mwili huidhibiti. Haiambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa wala vyombo vyake.

Kwa mtu ambaye VVU imeshusha CD4 zake, yaani seli za kinga zinazohesabiwa katika damu, hasa chini ya 100, kuvu hutoka mapafuni na kufika kwenye utando wa ubongo. Na hapa melanini inarudi kwa sura nyingine: rangi ile ile inayoisaidia kuvu mbele ya mionzi huisaidia pia kustahimili mashambulizi ya seli za kinga, na hupunguza makali ya baadhi ya dawa za kuua kuvu, ikiwemo amfoterisini. Kriptokoka huitengeneza melanini hiyo kwa kutumia kemikali za jamii ya dopamini, ambazo ubongo unazo kwa wingi. Mimi binafsi naona jambo hili ni la kutafakari kuliko ile habari ya tanuri.

Dalili zake ni zipi?

Kichwa kinachouma kwa siku nyingi na kuzidi kila siku, licha ya panadoli. Homa, kutapika, shingo kukakamaa, kuona vitu viwili viwili, kuchanganyikiwa na baadaye degedege vinaweza kufuata. Kwa kuwa ugonjwa huanza polepole, wengi hutibiwa malaria mara mbili au tatu kwanza. Mtu mwenye VVU, au asiyejua hali yake, ambaye kichwa kimemuuma kwa zaidi ya wiki moja, aende hospitali na aseme wazi muda huo.

Tumesikia kwamba ukichomwa sindano ya mgongoni unakufa au unapooza. Ni kweli?

Swali hili ndilo linalogharimu maisha ya watu wengi, na linastahili jibu la kina. Sindano hiyo huingizwa chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umekwisha na kubaki nyuzi za neva zinazoelea majini, kwa hiyo kupooza ni nadra mno. Imani kwamba inaua imetokana na yale ambayo jamaa wameyaona: mgonjwa analetwa akiwa amepoteza fahamu, anachomwa, anafariki siku hiyo hiyo, na sindano inabeba lawama ya ugonjwa uliokuwa umefika mwisho.

Kuvu huziba njia ambazo maji ya ubongo hupitia, na shinikizo hupanda ndani ya fuvu. Kuyatoa maji hayo hushusha shinikizo, na wagonjwa wengi husema kichwa kimepoa palepale. Utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini ulionyesha kwamba wagonjwa waliotolewa maji kwa ajili ya matibabu walinusurika zaidi katika siku za mwanzo. Mara nyingi itahitajika kurudiwa, na ndugu wanaomsindikiza mgonjwa waambiwe hivyo mapema ili wasikatae mara ya pili.

Matibabu yake yakoje?

Zamani amfoterisini ilitiwa kwenye mshipa kila siku kwa wiki moja au mbili, nayo ilidhuru figo na kupunguza damu. Jaribio lililohusisha wagonjwa zaidi ya 800 katika nchi tano, Uganda ikiwemo, lilionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini iliyofungwa ndani ya chembe za mafuta, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazoli kwa siku 14, hufanya kazi vizuri kama njia ya awali na huleta madhara machache. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2022. Baada ya hapo mgonjwa huendelea na flukonazoli kwa mwaka mmoja angalau.

Asiyekuwa ameanza ARV husubiri wiki nne hadi sita kabla ya kuanza, kwa kuwa kuanza mapema mno kuliongeza vifo katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, ambao pia ulifanyika Uganda na Afrika Kusini.

Je, inaweza kugunduliwa kabla ya kichwa kuanza kuuma?

Ndiyo. Kipimo cha damu kiitwacho CrAg huona chembe za kuvu wiki kadhaa kabla ya dalili, na jibu lake hupatikana kwa dakika kumi hivi. Kila mwenye CD4 za chini anastahili kupimwa, naye akikutwa na chembe hizo bila ugonjwa ubongoni hupewa flukonazoli mapema. Ukienda kliniki na kuambiwa CD4 zako zimeshuka, muulize musawo: "CrAg yangu imepimwa?"