Oili ya giaboksi otomatiki: mnayoambiwa na dila na ukweli wenyewe

Wiki hii tena nimeletewa gari, Toyota haijazeeka hata, sevisi zote zimefanywa kwa dila, mihuri kwenye kitabu imejaa, na ikifika mlima wa Mazeras injini inalia tu gari haiendi. Nikamuuliza mwenyewe oili ya giaboksi iliangaliwa lini mara ya mwisho. Jibu ni lile lile ambalo nimechoka nalo: "Fundi, hii haina stiki ya kupimia oili, waliniambia imefungwa, oili yake ni ya maisha." Kazi yangu ni giaboksi otomatiki hapa Mombasa na hilo neno la "oili ya maisha" limenilipa pesa nyingi sana za kutengeneza giaboksi ambazo hazikustahili kufa, na sifurahii, kwa hivyo leo nalisema lote.

Dhana: haina stiki, kwa hivyo haiangaliwi

Si kweli, na hata aliyeitengeneza hiyo gari hajasema hivyo. Alichofanya ni kuondoa stiki ili mwenye gari asijiongezee oili yoyote, lakini kwenye kitabu cha mafundi ameandika njia ya kuangalia, hatua kwa hatua, na dila ndiye mwenye hicho kitabu. Upande wa chini kuna plagi ya leveli. Gari inawekwa sawasawa, si pua juu kwa jeki mbili za mbele, injini inawashwa, gia unaipitisha P mpaka chini polepole kisha unarudisha P, unasoma joto la oili kwa skana, na likifika pale panapotakiwa, kwa Toyota nyingi za namna hii ni kama nyuzi 35 hadi 45, ndio unafungua ile plagi injini ikiwa bado inanguruma. Ikitiririka kidogo halafu ikabaki matone, leveli iko sawa. Isipotoka kitu, oili ni pungufu, unaongeza mpaka ianze kumwagika. Ikibubujika unaiacha mpaka ipungue ibaki matone, unafunga plagi kwa washa (ringi) mpya. Ndio hivyo tu, haichukui siku nzima.

Sasa hapo kwa joto ndio watu wanaharibu, na naomba msome pole pole. Oili ikipata moto inatanuka. Giaboksi yenye lita sita na kitu, kutoka nyuzi 40 mpaka 90 inaongezeka karibu robo lita bila mtu kutia chochote. Gari imetoka Nyali ikapita foleni zote mpaka gereji, AC imewashwa, jua la saa saba, ikifika oili iko nyuzi 80 au 90, fundi ana haraka anafungua plagi hapo hapo, oili inabubujika, anasema "iko nyingi hii," anaiacha imwagike mpaka ibaki matone, anafunga. Ikipoa asubuhi yake iko chini ya leveli! Na kama ilikuwa na uvujaji kidogo kwenye sili au kwenye bomba la kupozea basi imepungua mara mbili. Pampu inaanza kunyonya hewa ukipanda mlima au ukikata kona, presha inashuka, klachi zinateleza, zinaungua, na wewe unahisi tu gari imekuwa nzito kidogo. Kwa CVT, ile giaboksi inayotumia mkanda wa chuma na puli badala ya gia za hatua, ni mbaya zaidi maana mkanda ukiteleza juu ya puli unazichubua, na puli ikichubuka hakuna oili ya kuirudisha.

Kwa hivyo dila akikuambia "tuliangalia, iko sawa," usibishane naye kwa sauti, muulize swali moja tu: mliangalia ikiwa nyuzi ngapi? Fundi aliyeangalia kweli anaijua hiyo namba bila kufikiria. Mwambie aiandike kwenye kadi ya kazi, kilomita za gari, joto la oili, na kama iliongezwa au haikuongezwa. Wakikataa kuandika namba moja kwenye karatasi yao wenyewe, mimi nahesabu haikuangaliwa.

Na hilo neno "ya maisha" lenyewe. ZF wa Ujerumani, ambao giaboksi zao ziko kwenye BMW nyingi na Land Rover nyingi, wao wenyewe wanashauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au miaka 8, chochote kitakachotangulia, wakati wauzaji wa hizo gari wanawaambia wateja hazibadilishwi kabisa. Huyo ndiye aliyeitengeneza giaboksi, nani anaijua zaidi? Tena hayo ni mapendekezo ya kawaida, si ya gari inayokaa foleni ya feri ya Likoni kwenye joto hili. Mimi nasema kilomita 40,000 kwa gari za hapa pwani, CVT hasa, na sitazidisha hapo. Kenya hatuingizi gari iliyozidi miaka 8, kwa hivyo hizi zinazotoka Japani sasa nyingi ni CVT au hazina stiki, na mnunuzi hajui hata kama oili ilishawahi kuguswa huko. Gari ikitoka bandarini anza na oili ya giaboksi kabla ya rimu na redio.

Dhana: oili mpya inaua giaboksi

Hii naisikia kila mahali, hata kwa mafundi. Kinachotokea ni hivi, mtu hajabadilisha oili miaka, klachi zimeanza kuungua, gari inateleza, ndio sasa anakumbuka kubadilisha. Inabadilishwa, wiki mbili baadaye giaboksi inakata, lawama kwa oili mpya. Giaboksi ilikuwa imeshaondoka kabla hajaja! Ila kuna jambo moja la kweli ndani yake, ile mashine ya kusukuma oili yote itoke kwa presha mimi siitaki kwenye giaboksi iliyotelekezwa, inatingisha uchafu uliokuwa umetulia na unaenda kuziba vali. Mwaga iliyo kwenye karai la chini ya giaboksi, safisha sumaku, badilisha filta kama inafikika, jaza kiasi kile kile ulichotoa. Kwa giaboksi nyingi za gari ndogo hapo umetoa kama lita tatu, zaidi ya nusu imebaki ndani ya toki konvata (kile kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi), vali na bomba la kupozea, kwa hivyo rudia tena baada ya kilomita elfu mbili tatu, na mara ya tatu kama bado ni nyeusi.

Dhana: stiki inaangaliwa asubuhi gari ikiwa imelala, kama oili ya injini

Hapana. Injini ikizimwa oili iliyokuwa inazunguka inashuka kwenye karai, stiki inakuonyesha imejaa kumbe ni pungufu. Kwa zenye stiki, nyingi zinaangaliwa zikiwa moto, injini inanguruma, gia P baada ya kupitisha gia zote, na unasoma alama ya HOT si ya COOL. Honda nyingi ndio tofauti, unaipasha moto, unazima, halafu unasoma ndani ya dakika moja na nusu hivi. Kwa hivyo angalia kitabu cha gari YAKO, usimuulize jirani mwenye gari nyingine. Na pangusa stiki kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, si pamba, nyuzi moja inatosha kukwama kwenye vali.

Dhana: ikizidi si neno, bora isipungue

Ikizidi inafikia vyuma vinavyozunguka, inapigwa inakuwa povu, na povu halina presha. Dalili ni zile zile za oili pungufu, gari inateleza na kuchemka, halafu mtu anaongeza tena.

Dhana: nyekundu ni nyekundu

Nyekundu ni rangi tu iliyotiwa ili usichanganye na oili ya injini ukiona tone chini ya gari. Kuna aina nyingi za oili, Dexron III nyekundu, T-IV nyekundu, WS nyekundu, na hazifanyi kazi sawa. Oili ya CVT ni kitu kingine kabisa, kazi yake ni kufanya chuma kishike chuma, na ATF, yaani oili ya giaboksi otomatiki za kawaida, haijatengenezwa kwa hiyo. X-Trail ya CVT ukiitia ATF ya stering kwa sababu "zote ni za otomatiki" jiandae kununua giaboksi. Weusi nao pekee si kifo, nusa, harufu ya kuungua ndio inayonitisha. Ila ikiwa kama yogati ya stroberi hapo maji yameingia, mara nyingi kupitia radieta, usiendeshe hata mpaka nyumbani, ita breki dauni.

Dhana: ukishasaini na kuondoka na gari huna haki tena

Watu wanaogopa dila sababu ya jengo na vioo. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya huduma yenye ubora wa kuridhisha na fidia akipata hasara kwa kasoro ya hiyo huduma, na sheria ya kulinda watumiaji ya 2012 ina sehemu nzima ya matengenezo ya magari, makadirio ya bei kabla ya kazi, na kurudishiwa vifaa vya zamani vilivyotolewa. Kwa hivyo filta ya zamani iombe, ni yako. Mkishindwana kabisa kuna mahakama ya madai madogo, inachukua madai mpaka shilingi milioni moja, unaweza kujisimamia mwenyewe, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60.

Lakini pia tuwe wakweli, si kila giaboksi iliyokufa baada ya sevisi imeuliwa na dila. Umenunua gari ya mkono wa pili, haijaguswa oili miaka yote, dila kaigusa mara moja ikafa, hapo huna kesi na nitakuambia hivyo hivyo. Kesi unayo pale risiti inaposema lita na jina la oili na hivyo vitu haviendani na gari. Risiti imeandika "ATF" tupu kwenye gari inayotumia NS-3, oili ya CVT ya Nissan, au imekutoza lita nane kwa kazi ya kumwaga karai inayochukua tatu, hapo wana maswali ya kujibu.

Ushahidi unaharibiwa na wenye gari wenyewe, na hili ndilo linaniuma. Gari ikianza kuteleza siku chache baada ya sevisi mtu anakasirika, anaenda gereji nyingine, wanafungua, wanamwaga, wanafuta kodi za hitilafu kwa skana, halafu ndio anaenda kumdai dila. Usifanye hivyo. Simamisha gari. Mwandikie dila siku hiyo hiyo, meseji au barua pepe, taja kilomita na gari inafanyaje. Kodi zisomwe na zipigwe picha kabla ya kufutwa. Leveli iangaliwe kwa joto sahihi mbele ya pande zote mbili, na oili kidogo itiwe kwenye chupa safi yenye tarehe. Fundi wa nje aje hapo aandike anachokiona kabla ya bolti moja kulegezwa. Giaboksi ikishafika mezani kwangu imefunguliwa naweza kukuambia klachi zipi zimeungua, lakini siwezi tena kumwambia hakimu ilikuwa na oili kiasi gani.