Je, wajua kwa nini kioo cha kukinga upepo, kikiwa kirefu zaidi, kinaweza kuzidisha mtikiso wa kichwa kwenye pikipiki?

Mwaka 1975 Honda walipoitoa Gold Wing GL1000, pikipiki ambayo jina lake leo halitengani na safari ndefu, ilitoka kiwandani bila kinga yoyote ya upepo. Ilikuwa na injini ya silinda nne inayopozwa kwa maji, na shafti (mhimili wa chuma unaozungusha tairi la nyuma) badala ya mnyororo, lakini mwendeshaji alikaa kifua wazi kwenye barabara kuu za Marekani. Wenye pikipiki wakajitafutia dawa. Walinunua feringi, yaani gamba la kukinga upepo lenye kioo kwa juu, wakalifunga wenyewe. Iliyovuma kuliko zote ni Windjammer ya Craig Vetter, iliyotengenezwa Rantoul, Illinois. Gold Wing yenye feringi ya kiwandani, toleo la Interstate, ilikuja mwaka 1980.

Tangu enzi hizo kuna imani isiyokufa: kinga ikiwa kubwa, utulivu nao ni mkubwa. Kwa hiyo mtu akifunga feringi ya dukani, kisha akaona helmeti inatikisika hadi vibao vya barabarani havisomeki, hukimbilia kuagiza kioo kirefu zaidi. Mara nyingi mtikiso haupungui. Wakati mwingine unazidi.

Imani hiyo haikutoka hewani. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo: ukiongeza mwendo maradufu, nguvu huwa mara nne. Kwa kilomita 100 kwa saa, kila mita moja ya mraba iliyouelekea upepo husukumwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 47. Kwa 120 inakuwa kilo 68 hivi. Feringi humtua mwendeshaji mzigo huo kifuani, na mabega huacha kuuma kwa kung'ang'ania usukani. Kwa hilo inastahili kila shilingi. (Boda boda zenye mwavuli mkubwa huponea kwenye hesabu hiyo hiyo: kwa kilomita 40 kwa saa, nguvu ya upepo haifiki hata sehemu moja ya sita ya ile ya kilomita 100.)

Ila kusukumwa na kutikiswa ni mambo mawili. Anayeendesha pikipiki isiyo na kioo husukumwa sana, lakini upepo unaompiga umenyooka. Shingo huchoka, macho yanaona vizuri. Kinachotikisa kichwa ni upepo unaobadili nguvu na mwelekeo mara nyingi katika sekunde moja, na upepo wa namna hiyo hauji na barabara. Unatengenezwa na kioo chenyewe.

Simama kwenye daraja, utazame nguzo iliyo katikati ya mto wenye kasi. Mbele ya nguzo maji yanagawanyika bila fujo. Nyuma yake kuna sehemu iliyobonyea kidogo, na maji ya pembeni yanajikunja kuiingia: kizungu kimoja, yaani mzunguko mdogo wa maji, kushoto, kingine kulia, kwa zamu. Jani likinaswa pale huzungushwa, hurudishwa nyuma kuelekea nguzo, kisha hutupwa nje. Liangalie zaidi lile jani linaporudi nyuma, kinyume na mto mzima. Hewa nyuma ya kioo hufanya vivyo hivyo. Kioo kinapoitenga hewa, nyuma yake shinikizo hushuka, na mahali penye shinikizo dogo lazima pajazwe. Hewa inayopita kwa kasi juu ya ukingo wa kioo hujikunja kuingia humo, na nyingine hupanda kutoka chini, kwenye tangi na magoti. Mpaka kati ya hewa ya kasi na hewa tulivu hauwezi kukaa umenyooka. Unavunjika kuwa vizungu, kimoja baada ya kingine. Kwa kioo cha upana wa nusu mita na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hesabu ya kawaida ya vizungu hutoa kama 10 kila sekunde. Ni makadirio tu, maana kioo si bapa kamili na nyuma yake kuna mtu, lakini yanatosha kueleza kwa nini macho hushindwa kutulia.

Hapo ndipo urefu unapogeuka kuwa tatizo. Kioo kifupi hupitisha mpaka ule kifuani au mabegani, na helmeti hubaki kwenye hewa safi iliyonyooka. Ukikiinua kwa sentimita chache, mpaka unapanda hadi kwenye kidevu na paji la uso, na kichwa kinakaa katikati ya vizungu. Ukikiinua zaidi huenda ukajificha kabisa, lakini shimo la shinikizo dogo nalo limekua, na hewa inayolijaza huja kutoka nyuma. Ndiyo maana wenye vioo vikubwa huhisi wanasukumwa mgongoni, na mvua huwalowesha mabega kwa nyuma. Abiria, anayekaa juu kidogo, hupata vizungu vyote ambavyo dereva amevikwepa.

Basi dawa, jambo linaloshangaza ukilisikia mara ya kwanza, ni kuiruhusu hewa iingie. Ukiacha mwanya chini ya kioo, hewa kidogo hupita na kulijaza shimo taratibu, na vizungu hupungua nguvu. Harley-Davidson walifunga feringi yao yenye umbo la mbawa za popo kwenye Electra Glide tangu 1969. Walipoifanyia marekebisho makubwa kwa matoleo ya 2014, waliitoboa: wakaweka tundu chini ya kioo, linalofunguliwa kwa kitufe, ili kupunguza mtikiso wa kichwa.

Kabla ya kununua chochote, pima. Kwenye barabara tupu na iliyonyooka, inuka kidogo juu ya vikanyagio kwa mwendo wako wa safari. Kelele ikikatika ghafla na upepo ukawa laini, mkosaji ni ukingo wa kioo. Kisha kaa, uinamie mbele kuelekea kioo. Pakitulia, umekaa nyuma mno ya mahali penye utulivu. Nyuzi fupi za sufu zilizobandikwa kwa selotepu kwenye ukingo wa kioo huonyesha zaidi: zikilala zimenyooka, hewa iko sawa; zikicheza na kugeukia mbele, umeviona vizungu kwa macho. Majibu hutofautiana kwa urefu wa mtu na umbo la helmeti, kwa hiyo kioo kilichomtuliza jirani yako hakikuahidi wewe lolote.

Katika kufunga, angalia kwanza feringi inashikiliwa na nini. Windjammer ilifungwa kwenye fremu, hivyo uzito wake na upepo wake havikuingia kwenye usukani. Inayofungwa kwenye usukani au foko (uma unaoshika tairi la mbele) hugeuka pamoja na tairi la mbele, na kila dhoruba ya pembeni huifikia mikono. Kubwa ya namna hiyo inaweza kuifanya pikipiki ianze kuyumba kwa mwendo wa kasi. Acha bolti zote zikiwa legevu mpaka kila tundu limekaa mahali pake, ndipo ukaze. Geuza usukani mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama kuna kebo inayovutika, na rekebisha mwanga wa taa upya. Kioo chenyewe kifunge kwa bolti ndefu kidogo na vipande vya mpira katikati, kiachane na gamba kwa sentimita moja au mbili. Ukingo wake wa juu uishie usawa wa pua, uione barabara kwa juu yake na si kupitia kwake, maana plastiki yenye mikwaruzo na matone ya mvua usiku huifuta barabara kabisa mbele ya taa za gari linalokuja.