Mbwa anajuaje mtoto ana malaria kwa kunusa soksi tu?

Bibi yangu wa Ngamiani, Tanga, hakuwa na kipimajoto. Mjukuu akizubaa asubuhi, chai haitaki, mkate anauchezea, bibi alimvuta karibu, akamnusa utosini na nyuma ya sikio, kisha akakata shauri: "Huyu ana homa. Mpelekeni akapimwe." Sisi tulimcheka. Jasho lina harufu gani ya homa? Kumbe bibi hakukosea njia, ila pua ya binadamu ndiyo iliyomwangusha.

Maradhi hunuka. Mwili ukiugua, kemia yake hubadilika, na baadhi ya kemikali hizo ni nyepesi kiasi cha kupaa na kutoka kwenye pumzi, jasho, mkojo au makohozi. Mgonjwa wa kisukari akizidiwa sana, pumzi yake huweza kunuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Hilo madaktari wanalijua tangu zamani. Kwa mwenye malaria, ngozi hubadilisha kiasi cha kemikali ziitwazo aldehaidi. Na wa kwanza kuigundua harufu ya mwenye malaria hakuwa mtafiti wala mbwa, alikuwa mbu. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya, ukachapishwa mwaka 2005, ulionesha kuwa watoto wenye vimelea vilivyokwisha komaa tayari kumwingia mbu walivuta mbu karibu mara mbili ya wenzao. Walipopewa dawa, mvuto ule ukaisha. Yaani kimelea kinamtumia mtoto kuita usafiri wake.

Sasa mbwa. Binadamu ana seli za kunusia kama milioni 5 hivi. Mbwa ana zaidi ya milioni 200, kutegemea aina. Tena tazama pua yake kwa karibu: ina mipasuko ubavuni. Hewa anayoitoa hupitia huko pembeni, kwa hiyo haipeperushi harufu anayoifuata mbele.

Habari ya mbwa na magonjwa ilianza kuandikwa kitabibu mwaka 1989, pale madaktari wa London walipoeleza kisa cha mwanamke ambaye mbwa wake hakuacha kunusa baka moja mguuni mwake, hata juu ya suruali, mpaka siku moja akajaribu kuling'ata. Lilipopimwa, ilikuwa saratani ya ngozi. Mwaka 2004, huko huko Uingereza, mbwa 6 walinusishwa mikojo kutafuta saratani ya kibofu. Walipatia asilimia 41, wakati kwa kubahatisha wangepata 14. Si matokeo ya kupigia vigelegele. Lakini kuna kisa ndani yake: wakati wa mafunzo, mbwa wote waling'ang'ania mkojo wa mtu mmoja aliyehesabiwa mzima. Alipochunguzwa upya, akakutwa na saratani ya figo.

Malaria ilifuata. Watafiti waliwapa watoto wa Gambia, wasio na homa, soksi nyepesi za nailoni walale nazo usiku kucha. Asubuhi walipimwa damu, soksi zikagandishwa na kusafirishwa hadi Uingereza kwenye kituo cha kufundishia mbwa. Matokeo yalitoka mwaka 2019: soksi 175, na 30 kati yake zilitoka kwa watoto wenye vimelea. Mbwa walitambua takriban saba katika kila kumi za wenye malaria, na tisa katika kila kumi za wasio nayo waliziacha.

Mafunzo yenyewe ni ya subira. Mbwa anapitishwa kwenye makopo yaliyopangwa. Mwanzoni akisimama penye harufu inayotakiwa, papo hapo anapewa kitu kitamu. Anarudia, na anarudia tena, hadi ajue kwamba harufu hii ndiyo chakula. Malaria haijui wala haimhusu. Na hapo ndipo penye mtego, maana mbwa ni mjanja kuliko tunavyodhani. Soksi ile ile ikitumiwa mara nyingi, ataikariri kama anavyomkariri jirani. Soksi za wagonjwa zikikaa friji moja na za wazima friji nyingine, atajifunza harufu ya friji. Na mfunzaji akijua kopo lenyewe ni lipi, bega lake tu likilegea mbwa anapolifikia, ameshasema. Ndiyo maana kwenye jaribio la kweli soksi huwa ngeni kwa mbwa, na aliyesimama naye hajui jibu.

Je, mbwa ataondoa kipimo cha kutoboa kidole? Sioni hivyo. Mwenye homa kidole kinatosha, na jibu hupatikana baada ya dakika chache. Faida ya mbwa ni kwa wasiojijua, wale wanaotembea na vimelea bila kuumwa. Fikiria boti inayoondoka Tanga kwenda Pemba. Zanzibar imeibana malaria hadi chini ya asilimia moja ya watu, na sehemu kubwa ya kinachobaki huvuka na wasafiri kutoka bara. Kumtoboa kila abiria foleni haitaisha. Mbwa angeonesha wachache wa kupimwa damu.

Najua swali la Mswahili msomaji limeshafika: mbwa na abiria, na udhu je? Mate ya mbwa kwetu ni najisi, hakuna wa kubishana. Ila Gambia nako Waislamu ndio wengi, na wale watoto hawakuguswa na mbwa yeyote. Kilichosafiri ni soksi. Hata bandarini, kinachohitajika ni harufu, si ulimi. Na asiyetaka mbwa kabisa, Morogoro kuna panya buku waliofundishwa kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine kunusa kifua kikuu kwenye makohozi, sampuli 100 kwa dakika 20 hivi, kisha maabara huhakiki waliyoyaonesha. Nilimsimulia shangazi, mtoto wa bibi yule, kuhusu panya hao. Akasema afadhali mbwa.