Kubangua korosho nako ni ajira, kitakwimu
Dogo mmoja hapa Masasi kakomaa eti takwimu za ukosefu wa ajira ni uongo, mbona kijiweni kwao wote hawana kazi. Wote hao wana bodaboda lakini! Mnachanganya ajira na mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ukifanya kazi ya kukuingizia kipato hata lisaa limoja ndani ya wiki unahesabiwa una ajira, kwa hiyo bodaboda yumo, mama anayebangua korosho analipwa kwa kilo, vidole vimebabuka na mafuta ya maganda, naye yumo, hata kama hela yote inaishia kwenye unga na dagaa. Asiye na ajira ni yule hana kabisa, anatafuta na yuko tayari kuanza. Kipato kinapimwa kivyake.