Kusitasita kazini ni nini?

Kitenzi "sita" kina maana ya kusimama kidogo kwa sababu ya shaka. Kikirudiwa, kikawa "sitasita", tunamwona mtu anayepiga hatua, akairudisha, akaipiga tena. Kazini, ni pale uamuzi umo mikononi mwako, unayajua ya kutosha, na bado huuamui.

Kutafakari ni kitu kingine. Anayetafakari huongeza jambo: anauliza bei, anapima, anampigia simu aliyewahi kuifanya kazi hiyo. Anayesitasita huzunguka yale yale ya jana. Wazee walisema njia mbili zilimshinda fisi: alinusa nyama huku na huku, akataka kwenda kote, akapasuka msamba.

Chukua karakana ya samani kando ya Ngong Road, Nairobi. Mteja ameagiza kitanda, na msimamizi hajui apake vanishi nyeusi au ya rangi ya asali. Vibarua watatu wamekaa juu ya mbao, na kibarua hulipwa kwa siku, kitanda kiguswe kisiguswe. Msimamizi anadhani hajaamua lolote, kumbe ameshaamua kulipia siku nzima ya kazi isiyofanyika. Linaniuma hili, kwa sababu vijana wale wanajua kesho watakimbizwa wafidie siku iliyopotea. Mara nyingi chanzo ni hofu ya lawama: bosi hukemea kosa, lakini kuchelewa hakukemei.

Msimamizi ajiulize: nikikosea, naweza kurudi nyuma? Vanishi hupigwa msasa ikatoka. Tena anaweza kuijaribu kwenye kipande cha mbao kilichobaki, ikikauka amtumie mteja picha kwa WhatsApp. Lakini ubao ukikatwa mfupi haurefuki. Hapo apime mara mbili na amwite mwenzake apime pia. Huko si kusitasita hata kidogo.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hawezi kupima kila njia iliyopo. Hujiwekea kiwango kinachotosha, kisha huchukua ya kwanza inayokifikia. Basi msimamizi wetu aandike chake kabla ya kuzitazama rangi: ifanane na kabati la mteja, ikauke kabla ya Ijumaa, isizidi bajeti. Rangi ya kwanza itakayotimiza hayo matatu, kopo lifunguliwe na vijana washike brashi.