"Bendi" ya Waojibwe ni nini, na kutambuliwa na serikali kuna maana gani?

Ukikuta neno bendi katika habari za Waojibwe, weka kando magitaa. Bendi hapa ni watu wa vijiji jirani wenye viongozi wao, maji yao ya kuvulia samaki na maziwa yao ya kuvunia mpunga wa porini, ambao wenyewe huuita manoomin. Waojibwe, ambao nyaraka nyingi za Marekani huwaita Chippewa, ni wenyeji wa eneo la Ziwa Superior, upande wa Marekani na wa Kanada. Hawakuwahi kuwa na mfalme mmoja. Lugha ni moja na koo zimesambaa kila mahali, ila kila bendi hujiamulia mambo yake.

Kutambuliwa, basi, ni pale Washington, yaani serikali kuu ya Marekani, inapokubali kwamba bendi fulani ni serikali, si chama cha utamaduni. Bendi iliyotambuliwa inaweza kuwa na mahakama yake, kupata huduma za afya za serikali kuu, na ardhi yake kushikiliwa kwa amana, yaani serikali kuu inaishika kwa niaba na kwa faida ya bendi.

Zamani njia ilikuwa mkataba, na mkataba haukuja bure. Mwaka 1850 maofisa walihamisha malipo ya kila mwaka, ambayo Waojibwe walilipwa kwa ardhi waliyoitoa katika mikataba, kutoka La Pointe, Wisconsin, hadi Sandy Lake, Minnesota, ili kuwavuta watu wahamie magharibi. Malipo yakachelewa hadi baridi ikaingia. Watu wapatao 400 walikufa kwa maradhi, njaa na safari ya kurudi. Mwaka 1852 Chifu Kechewaishke, mzee wa miaka tisini na kitu, akafunga safari hadi Washington kuonana na Rais Millard Fillmore. Mkataba wa 1854 ukazitengea bendi kadhaa ardhi ya kudumu, zikiwemo Bad River na Lac du Flambeau. St. Croix na Mole Lake ziliachwa nje, zikangoja hadi baada ya sheria ya 1934 iliyoruhusu jamii za wenyeji kupanga upya serikali zao.

Kinachonishangaza ni jinsi kalamu inavyoweza pia kufuta. Huko Grand Traverse, Michigan, wanakoishi Waottawa, watu wengine wa asili, na Waojibwe pamoja, Waziri wa Mambo ya Ndani Columbus Delano aliamua mwaka 1872 kwamba mkataba wa 1855 ulikuwa umeivunja jamii yao. Aliusoma vibaya. Watu hawakwenda popote, ila kwa serikali hawakuwepo tena. Walitambuliwa tena mwaka 1980, wakiwa wa kwanza kupita katika utaratibu wa kuomba kutambuliwa uliowekwa 1978.

Little Shell, bendi nyingine ya Chippewa, walisota zaidi. Mwaka 1892 chifu wao, aliyeitwa jina hilohilo, alikataa kuuza takriban ekari milioni 10 za North Dakota kwa dola milioni 1, yaani senti kumi kwa ekari. Serikali ikamalizana na kamati iliyochaguliwa na wakala wake. Watu wake wakabaki bila ardhi. Huko Montana baadhi walijenga vibanda kwenye kilima cha Hill 57, pembeni ya mji wa Great Falls. Waliomba rasmi tangu 1978, wakakataliwa 2009. Kisha tarehe 20 Desemba 2019 wakatambuliwa kupitia kifungu kilichochomekwa ndani ya sheria ya bajeti ya ulinzi, wakawa jamii ya 574 katika orodha ya jamii zinazotambuliwa. Sheria hiyo iliagiza watafutiwe ardhi ya amana: ekari 200.