Daftari hili ni la nani?

Juzi, hapa mezani kwangu Ngamiani, Tanga, ninapowasaidia wenye biashara ndogo kuandika vitabu vya hesabu, nimeambiwa tena: "Shangazi, krediti ni pesa imeingia, debiti ni pesa imetoka. Benki wenyewe ndivyo walivyoandika." Dada mwenyewe anapamba kumbi za harusi, mchapakazi kwelikweli, ukifika Mfunguo Mosi hapati usingizi. Akanifungulia simu nione: akaunti yake imekreditiwa shilingi 400,000. Nikafungua daftari lake. Kila pesa iliyoingia iko kulia, upande wa krediti, kila iliyotoka iko kushoto, upande wa debiti, kurasa arobaini hivyo hivyo, kwa mwandiko mzuri ajabu. Kosa hili nimelisahihisha kwa mafundi cherehani, kwa wenye saluni, kwa mafundi wa viyoyozi, na nimechoka kulieleza kwa mdomo.

Ujumbe wa benki hauna kosa. Umetoka kwenye leja ya benki, yaani kitabu chake cha hesabu, basi. Ukipeleka 400,000 benki, benki imepata pesa, na papo hapo imepata deni, kwa sababu siku yoyote ukisimama dirishani ni lazima ikulipe. Deni la benki linakaa upande wa krediti wa kitabu cha benki. Ndiyo maana wanakwambia wamekukrediti: wanakutaja wewe kama mtu anayewadai. Kwenye kitabu chako mambo yamekaa kinyume chake. Salio lako benki ni mali yako, na mali ikiongezeka inaandikwa debiti. Jambo ni moja, vitabu ni viwili, na kila mmoja ameliona kutoka alikosimama. Mwenye shaka achukue gazeti siku mabenki yanapotangaza hesabu zao za robo mwaka, atafute amana za wateja. Atazikuta kwenye madeni.

Maneno yenyewe ni ya Kilatini, moja lina asili ya kuwiwa, jingine la kuamini. Krediti ni aliyeamini. Sisi tunaijua maana hiyo vizuri tu, maana pesa iliyowekwa benki tunaiita amana. Luca Pacioli alipochapisha maelezo ya njia hii ya kuandika kila muamala pande mbili kule Venice mwaka 1494 hakuibuni yeye, alieleza walichokuwa wakifanya wafanyabiashara wa pale, na tangu wakati huo debiti imebaki kushoto na krediti kulia. Mtu asiniulize kwa nini kushoto. Ni kushoto.

Ila nakiri kwamba Kiswahili chetu nacho kinachangia. Masikio ya mtu yakisikia "debiti" yanasikia "deni", na akisikia deni anaona hasara. Halafu deni lenyewe tunalitumia huku na huku. "Nipe deni langu" na "nimemaliza deni langu": kwenye sentensi ya kwanza mimi nadai, kwenye ya pili nadaiwa, na neno ni lile lile. Mazungumzoni tunaelewana kwa sababu tunamwona anayesema. Kwenye daftari hakuna sura. Kwa hiyo wateja wangu nimewapiga marufuku kuandika neno "deni" peke yake. Aandike "wadaiwa" kwa wale wanaopaswa kumlipa, "wadai" kwa wale anaopaswa kuwalipa yeye. Na kabla ya kushika kalamu ajiulize, daftari hili ni la nani?

Tuchukue hesabu zake. Alianza kwa kuweka 1,000,000 yake kwenye akaunti ya biashara: debiti benki, krediti mtaji. Hapo akanikatiza: mtaji wangu mwenyewe unakaaje pamoja na madeni? Unakaa huko kwa sababu daftari ni la biashara, na biashara imepokea pesa yako, inakuwia wewe mwenye mali. Ukishakubali kwamba wewe na biashara yako ni watu wawili, nusu ya mashaka yanaondoka. (Na ukichukua elfu ishirini ya mboga nyumbani, ni matumizi binafsi, inapunguza mtaji, usiiandike kwenye gharama za biashara. Hili sirudii.) Akanunua vitambaa na maua ya plastiki ya 600,000: debiti vifaa, krediti benki. Mali imebadilika sura tu, hajapata wala hajapoteza.

Kisha ile 400,000 iliyomleta kwangu. Familia moja ya Makorora ilimtumia mwezi wa Shaabani, arubuni ya harusi itakayofanyika baada ya Idi. Bei ya kazi nzima ni 900,000. Yeye aliiandika mapato, akaona ana faida, akalipa kodi ya chumba na karo ya mdogo wake. Hajapamba hata kiti kimoja!

Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa sababu nimeona biashara nzuri za mapambo, za upishi, hata za kupiga picha, zikifa kwa arubuni. Pesa ipo mkononi, kwa hiyo mtu anaiona yake. Sasa rudi kwenye ule ujumbe wa benki. Familia ile imekuamini kama wewe ulivyoiamini benki. Safari hii benki ni wewe. Kwenye kitabu chako: debiti benki 400,000, krediti arubuni za wateja 400,000, na arubuni za wateja ni madeni, kwa kuwa unawawia kazi au unawawia pesa zao. Siku ukumbi umepambwa na bibi harusi ameketi, ndipo unapoandika krediti mapato 900,000. Upande wa pili, debiti arubuni za wateja 400,000, deni limekwisha, na debiti wadaiwa 500,000, yaani salio ambalo familia haijamaliza. Wakilipa: debiti benki, krediti wadaiwa. Mapato hayaguswi tena, maana yalishaandikwa siku ya kazi.

Kabla ya karo na kodi ya chumba, urari wake wa siku ile, yaani orodha ya masalio ya debiti na ya krediti, unatoka hivi: benki 800,000 na vifaa 600,000 kushoto, mtaji 1,000,000 na arubuni 400,000 kulia. 1,400,000 pande zote mbili. Akafurahi. Nikamwomba asifurahi upesi. Angeiandika ile arubuni kuwa mapato, urari ungelingana vile vile, shilingi kwa shilingi. Urari unakamata shilingi iliyoandikwa upande mmoja tu. Akaunti isiyo sahihi hauikamati, na muamala uliosahaulika kabisa hauuoni. Wanaofundisha somo hili huharakisha hapo, na mwanafunzi anatoka akiamini kwamba kulingana ni kuwa sawa.

Mimi mwenyewe nina mashaka yangu. Vile vitambaa nimeviita mali, navigawia uchakavu wa miaka mitatu, yaani bei yake naigawa kwenye gharama za miaka hiyo, lakini miaka mitatu ni makisio yangu. Kitambaa cheupe kikimwagikiwa mchuzi wa biriani harusi ya pili, uchakavu wake ni wa usiku mmoja. Maua ya bei ndogo huwa nayaandika gharama moja kwa moja, na mpaka kati ya hayo mawili nauweka kwa macho tu. Kinyozi mwenye kiti kimoja, anayelipwa papo hapo na asiyekopesha, nimewahi kumwambia daftari la kuingia na kutoka linamtosha. Sijajuta, ingawa siku akianza kukopesha atanirudia. Kumbukumbu za mauzo, hata hivyo, asiziache: kwa viwango vya Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo ya 6,000,000 kwa mwaka alilipa kodi ya 60,000 akiwa na kumbukumbu, na 100,000 akiwa hana.

Linaloniumiza kichwa zaidi ni harusi inayovunjika. Posa imerudishwa, tarehe imefutwa, familia imenyamaza, na arubuni bado iko kwenye madeni. Lini igeuke mapato? Wenzangu wengine huihamisha tarehe ya harusi ikishapita tu. Mimi siwezi, kwa sababu nimeona familia ikirudi baada ya miezi minne na bwana harusi mwingine, ikidai ipambiwe kwa arubuni ile ile, na mpambaji hana pa kusimama kwa kuwa hakuna kilichoandikwa. Kwa hiyo dada yetu ameondoka hapa na kitabu kipya cha risiti. Kila risiti ya arubuni itakuwa na mstari mmoja wa kalamu, umewekwa sahihi na pande zote mbili: siku ya mwisho ya kudai kurudishiwa. Pasipo mstari huo, sihamishi hata senti kwenda mapato.